Mama wa Mkaguzi

Shule ya Msingi Kahiga-ini,
kupitia Chaka.
27 Januari 1974

Mjomba Wamae,

Upokee salamu kutoka huku kwenye vumbi. Nyumbani hakuna mgonjwa. Dada yako Wangechi anauliza ni nani anayekupikia siku hizi, maana anasema picha uliyotuma wakati wa Krismasi ilionyesha koti tu, mwenye koti hakuonekana. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Baba amesikitika, lakini maziwa ni yaleyale.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotaka. Ulisema Kikuyu hakitanifikisha mbali nikivuka Sagana.

Sasa jambo lenyewe. Mimi ni mwalimu. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho. Tangu ada ifutwe kwa madarasa ya chini, watoto wametoka kila pembe, hata wale waliokuwa wakichunga mifugo kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Juzi mwalimu mkuu, Mzee Ngatia, alikuja nyumbani akamkuta mama anapepeta maharagwe. Hata chai alikataa.

"Mama Waithira," akasema, "darasa ya kwanza imejaa mpaka mlangoni na sina mwalimu. Huyu msichana yako si alimaliza fomu foo? Sasa anafanya nini?"

"Anakaa tu," mama akajibu, kama mtu anayetoa ushahidi kortini.

Basi ofisi ya elimu imenipa kibali cha muda. Ni karatasi moja yenye muhuri. Inasema kwamba mimi, ambaye sijasomea ualimu, naruhusiwa kufundisha mpaka mwisho wa Desemba kwa sababu ya uhaba wa walimu. Kabla ya hapo mkaguzi atakuja kuniangalia nikifundisha. Akiandika ripoti nzuri, nitaitwa chuoni nikasomee ualimu hasa. Akiandika mbaya, kibali kinakufa na mimi narudi kukaa tu. Baba tayari ameongea na Moffat mwenye duka pale Kiganjo, ili mambo yakiharibika nikauze sukari.

Mjomba, hii kazi naitaka. Sikujua kama ningeitaka mpaka nilipoingia mle ndani wakasimama wote wakaniamkia. Wewe umekuwa mwalimu tangu sijazaliwa, na sasa ni mkaguzi msaidizi huko Chuka. Niambie wakaguzi hutafuta nini.

Mpwa wako,
Waithira


Chuka.
20 Februari 1974

Kwa mama yangu Waithira,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa, kwa maana huku kwetu mvua haingoji majira. Mwambie dada yangu napikiwa na mwenye nyumba, Mzee Marete, ambaye anaamini kwamba binadamu anahitaji ndizi tu. Koti lile lilikuwa la kuazima.

Karani mpya wa posta, kijana wa kutoka Kakamega, aliona nimeandika juu ya bahasha "Kwa mama Waithira", akaniuliza mama ana umri gani. Nikamwambia ana miaka ishirini. Akaweka kalamu chini. Ilibidi nimweleze kwamba dada yangu alimpa binti yake jina la mama yetu, na kwetu mtu akipewa jina la mtu amekuwa yeye. Marete alikuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema hata kwao ni hivyo, na kwamba yeye ana baba wa miaka minne ambaye humpiga mateke.

Umeniuliza wakaguzi hutafuta nini. Kwanza, andalio la somo, liandikwe kabla ya somo, si baada ya kusikia gari la mkaguzi. Pili, azimio la kazi la muhula mzima. Tatu, mwalimu husimama mbele ya ubao, mahali ambapo kila mtoto anamwona. Haketi. Mwalimu aliyeketi amechoka, na mkaguzi huandika hivyo.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kibali, kabla Waingereza hawajatangaza Hali ya Hatari. Mwenda pole hajikwai. Nakutumia mfuko wa maharagwe kwa basi la Embu. Si ya kula. Ni ya kuhesabia. Mtoto hajui tatu mpaka aishike.

Mlima leo umefunguka mawingu, nasi huku tunauona uso. Pole kwenu huko mnaouona mgongo.

Mwanao,
Wamae


Kahiga-ini.
18 Aprili 1974

Mjomba,

Pasaka tumeila salama. Baba ana kikohozi lakini anavuta tumbaku, kwa hiyo tumeacha kumwonea huruma. Na tafadhali, mgongo wa mlima mnao ninyi. Mungu hawezi kuelekeza uso kwa watu wanaokula ndizi tu.

Maharagwe yalifika. Yalikuwa mengi, sasa si mengi. Nilidhani watoto wanayala, nikawapekua midomo. Kumbe wanayaiba na kuyapanda! Ukutani mwa kanisa yameota mstari mzima. Kabura, mtoto mmoja mdogo mwenye maneno kuliko wote, akaniambia, "Mwarimu, wewe ulisema haragwe moja ukiongeza moja ni mbiri. Sisi tunataka iongezeke sana."

Tunasomea kanisani, madarasa hayajatosha. Alhamisi akina mama wa gildi, chama chao cha kanisa, wanalitaka jengo, basi tunatoka nje na jua letu. Ndani ya darasa la kwanza nina watoto wa miaka sita na nina vijana waliochunga ng'ombe mpaka sauti zikavunjika. Hao wakubwa walikuwa wanaona haya, wanakaa nyuma na kupiga wadogo. Nikampa kila mkubwa wadogo wake, kama mtu anavyopewa kundi la kuchunga. Somo nampa mkubwa asubuhi mapema kabla ya kengele, halafu yeye anawapa wadogo wake, nami nazunguka. Hakuna anayepigwa tena. Mchungaji hapigi mifugo yake mbele ya wachungaji wengine.

Andalio la somo naandika. Lakini kusimama mbele ya ubao sijaweza. Nikisimama naona vichwa tu. Nikiketi sakafuni katikati yao naona mikono, na naona nani anajua na nani anamwiga jirani.

Unasemaje?

Mpwa wako,
Waithira


Chuka.
2 Juni 1974

Mama yangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Tumekuwa na shule za kukagua huko chini Tharaka, na gari letu lina tabia ya kulala njiani.

Nasema simama. Siandiki vitabu vya wakaguzi, navitumia tu.

Kuna habari moja ambayo usimwambie dada yangu, ataanza kutafuta mbuzi. Wanasema huenda mwezi wa Januari nikathibitishwa kuwa mkaguzi kamili. Nimengoja hili muda mrefu, mama. Marete ameshaanza kuniita Bwana Mkubwa, na kodi haijashuka.

Mwanao,
Wamae


Kahiga-ini.
11 Agosti 1974

Mjomba,

Mahindi yamekauka yakiwa marefu kama watoto wangu. Kieni yetu ni Kieni, mvua hutupita. Wengine wote wazima.

Mzee Ngatia ametuambia kuhusu ukaguzi. Muhula wa tatu watakuja kutuangalia sisi wenye vibali. Safari hii ofisi imeamua kubadilisha wakaguzi kati ya wilaya, ili mtu asikague watu wake. Wa huku watapelekwa kwingine, na wa upande wa Meru wataletwa Nyeri. Mzee Ngatia amefurahi sana, anasema sasa haki itatendeka kwa sababu hakuna atakayemjua mtu.

Mjomba, upande wa Meru ni wewe. Nadhani ofisi ilisahau kuuliza wakaguzi wa upande wa Meru walizaliwa wapi.

Sikuulizi kama ni wewe utakayekuja. Nakuuliza tu kama ndizi zimeiva.

Mpwa wako,
Waithira


Kahiga-ini.
6 Oktoba 1974

Mjomba,

Hukunijibu ya Agosti. Ulijibu kwa miguu.

Dada yako alipata habari kwamba uko shuleni, akachinja jogoo. Ulipoondoka bila kupita nyumbani tulimla wenyewe. Alikuwa mgumu.

Nataka nikueleze jinsi ulivyoingia, kwa sababu sidhani kama ulijisikia. Watoto walisimama. Mzee Ngatia alikuwa nyuma yako, amevaa tai. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuita "Bwana Mkaguzi" na nilifanya mazoezi njiani. Wewe ukavua kofia, ukainamisha kichwa, ukasema mbele ya kanisa zima, "Wakĩa maitũ." Hivyo hivyo, kama mwana anavyomsalimu mama yake akitoka safari. Nami nikaitikia kabla sijafikiri, maana ndivyo tulivyosalimiana tangu nikiwa mgongoni.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mtoto wa miaka sita huku anajua maana ya salamu ile. Kabura akainua mkono, akauliza, "Mwarimu, kwani huyu mkaguzi ni mtoto yako?" Nikamwambia aketi. Mzee Ngatia akaanza kuangalia dirisha, na lile dirisha halina kioo wala kitu cha kuangaliwa. Kufikia jioni mtoni walikuwa wanasema ati Waithira ameletewa mkaguzi kutoka kwa nyanya yake.

Baada ya hapo ulikaa nyuma na uso wa mtu aliyekanyaga kitu. Nilifundisha. Tulijumlisha kwa maharagwe yako, yale ambayo hayajapandwa. Wakubwa waliwashika wadogo wao vizuri, na mimi niliketi sakafuni, kwa sababu ningesimama kwa ajili yako siku moja watoto wangejua nadanganya. Niliona unaandika. Niliona pia ukiacha kuandika, ukapiga magoti ili umsaidie mtoto kutoa haragwe lililoingia chini ya benchi.

Uliandika nini, mjomba?

Waithira


Chuka.
30 Oktoba 1974

Mpendwa Waithira,

Natumaini nyote hamjambo. Mvua za vuli zimeanza vizuri huku, na mtama unaonekana utatoka. Mzee Marete alianguka kwenye ngazi lakini anaendelea kupata nafuu. Daraja la kwenda Chogoria limetengenezwa.

Mambo ya ofisi ni ya ofisi. Ripoti hupelekwa kwa mwalimu mkuu kwa wakati wake. Nakukumbusha tu kwamba mwalimu husimama mbele ya ubao.

Msalimie Wangechi. Mwambie nilikuwa na haraka siku ile.

Mjomba wako,
W. Wamae


Duka la Moffat,
Kiganjo.
8 Desemba 1974

Mjomba,

Kama unavyoona juu hapo, anwani imebadilika.

Mzee Ngatia aliniita siku ya kufunga shule. Hakutaka kunisomea ripoti, akawa anaizungusha mezani. "Mimi sielewi," akasema. "Nilikuwako siku hiyo. Niliona hesabu ikiingia kwa hiyo vichwa na macho yangu. Lakini imeandikwa haujakomaa, ati ungoje. Na kibali haiwezi kuongezwa kama ripoti iko hivyo." Halafu akanipa mkono, jambo ambalo huwa hafanyi kwa wasichana.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nyuma ya kanisa, kando ya maharagwe. Yamezaa, kama ungependa kujua.

Sasa nauza sukari, chumvi na rangi ya viatu. Makurutu wa chuo cha polisi hununua rangi ya viatu kuliko mkate. Moffat ni mtu mzuri, ila ananiita "teacher" mbele ya wateja akidhani ananipa heshima.

Mama hajui ni wewe uliyeandika vile. Anadhani ni mkubwa wako. Amekuombea kanisani upate cheo, bila kujua kuwa kiko njiani. Sijamwambia.

Barua yako ya Oktoba nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo. Ulinieleza habari za daraja. Pia uliniita Waithira tu, bila mama. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita hivyo, hata siku ile nilipovunja redio yako. Nilipoona mwanzo wa barua nilijua mwisho wa ripoti.

Ni kwa sababu niliketi? Sema ni kwa sababu niliketi, nitaamini.

Waithira


Chuka.
23 Desemba 1974

Mpendwa Waithira,

Krismasi njema kwenu nyote. Sitaweza kuja. Nimethibitishwa kazini kuanzia mwezi ujao. Nakutumia kitambaa ushone nguo, rangi alichagua binti wa Marete.

Wamae


Kiganjo.
12 Januari 1975

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Mama anasumbuliwa na jino. Baba amempa mkaa autafune, sasa wote wawili hawaongei.

Kitambaa nakurudishia kwa basi lile lile. Ni kizuri. Kingekuja kutoka kwa mtu mwingine ningekivaa.

Shule zimefunguliwa, na Kahiga-ini hawajapata mwalimu wa darasa la kwanza. Mzee Ngatia anafundisha mawili kwa zamu, huku akikimbia katikati. Jumamosi Kabura alikuja sokoni na mama yake akaniona nyuma ya meza nikipima chumvi. Akasema, "Mwarimu, kwa nini umekuwa duka?" Nikampa peremende.

Nimemuuliza mama habari za nyanya. Mimi nimebeba jina lake tu, sikumkuta. Mama anasema alikuwa mfupi, alipenda ugoro, na hakuwa akisema jambo mara mbili. Anasema wewe ukiwa mkubwa tayari, na ndevu, nyanya alikutuma siku moja umrudishie jirani ndama uliyempata kwa ujanja. Ulimrudisha huku unalia.

Kwa hiyo nimeamua. Nikiwa mpwa wako siwezi kukuhoji, adabu hainiruhusu, na mjomba kwetu ni mtu wa kuogopwa. Lakini wewe ndiye uliyesema mbele ya darasa langu kwamba mimi ni nani. Huwezi kunisalimu kama mama yako halafu uniandike kama mtu wa njiani. Methali hii msichana hamwambii mjomba wake, ila mama anaweza kumwambia mwanawe: mficha uchi hazai.

Basi mimi Waithira, mama yako, nakuuliza: somo langu lilikuwaje? Nijibu mimi kwanza. Halafu nenda kwa wale wa ofisini uwape jibu hilohilo.

Sisemi mara mbili.

Mama yako,
Waithira


Chuka.
9 Februari 1975

Mama,

Lilikuwa somo zuri. Katika shule zote nilizopita mwaka jana sikuona lingine kama hilo, na walimu wengi niliowaona wana vyeti. Wale vijana wakubwa walikuwa wakifundisha kweli. Mtoto wa lile haragwe chini ya benchi alinieleza kwa nini analihitaji: bila hilo jibu lake lingekuwa saba. Nilijua nikiwa nimepiga magoti kwamba wewe ni mwalimu.

Nilitakiwa kusema tangu Agosti, "Huyo ni wa nyumbani, mtumeni mwingine." Sikusema kwa sababu nilitaka kukuona. Nilijidanganya kwamba nitaingia kama mgeni. Kisha mdomo ukasema wenyewe, nikaona shingo ya Ngatia ikigeukia dirisha, nikajua kwamba nikiandika ukweli watasema mkaguzi amempa mama yake. Na Januari ilikuwa karibu. Nikaandika uongo ili nionekane mkweli. Lile la kuketi nililitafuta baadaye ili nipate mahali pa kuegemea.

Niliona haya kukuita mama katika barua ile. Mkono ulikataa. Barua yako ya mwisho niliisomea posta nimesimama, na nilipofika kwenye "sisemi mara mbili" nikaketi juu ya magunia ya watu. Karani akaniuliza kama mama amefariki. Nikamwambia hapana, amenituma.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe. Jumatatu nilikwenda ofisini mwenyewe nikawaeleza yote: udugu, salamu, na ripoti. Walinisikiliza bila kunikatiza, na hilo ndilo lililonitisha. Wameniambia mwalimu yule aangaliwe upya na mtu mwingine, na apewe kibali cha muhula mmoja ili awe na darasa la kuangaliwa. Kuhusu mimi, wamesema ningoje. Ukaguzi nimeshaondolewa.

Wangechi nimemwandikia barua yake. Asome mwenyewe, usimsaidie.

Mwanao,
Wamae


Kahiga-ini.
27 Aprili 1975

Mjomba,

Mama aliisoma barua yako siku mbili, kisha akasema, "Huyo ndiye wa ndama." Jogoo mwingine ananenepeshwa. Utakuja lini?

Nilirudi darasani mwanzoni mwa Machi. Watoto hawakuuliza chochote, isipokuwa Kabura, aliyetaka kujua kama nimeleta peremende.

Mkaguzi aliyetumwa ni mwanamke, Bi Kathure, wa huko huko upande wako. Hakumsalimu mtu. Alikaa nyuma na kalamu yake nyekundu, nami nikaketi sakafuni kama kawaida. Mwishoni alikuja akasimama juu yangu, akauliza, "Hii kukaa chini, nani alikufundisha?" Nikasema hakuna. Akasema, "Nitaandika hivyo." Siku nzima sikujua kama ameniua au ameniponya.

Mjomba, nimepita! Kuna mtu aliyeacha nafasi yake chuoni, na mimi nimeitwa kuanzia mwezi ujao, huko Ukambani. Nimefurahi mpaka naogopa.

Halafu nakumbuka kwamba wewe ulikuwa na gari na sasa huna, na furaha inapungua. Nilikuamuru, na ningekuamuru tena, lakini inaniuma. Wamekwambia nini?

Mzee Ngatia ameahidiwa mtu mwenye cheti achukue darasa langu, ila jina hajapewa. Nina wasiwasi na huyo mtu. Ukimjua, mwambie awape wakubwa somo asubuhi kabla ya kengele. Alhamisi ni ya akina mama wa gildi. Kabura akae mbele, la sivyo atafundisha yeye. Na maharagwe yakiibwa asiwachape.

Mpwa wako, na mama yako,
Waithira


Shule ya Msingi Kahiga-ini,
kupitia Chaka.
22 Juni 1975

Kwa mama yangu Waithira,

Anwani umeiona. Ofisi yenye uhaba haiwezi kumfukuza mtu mwenye cheti, mama. Humrudisha tu alikoanzia. Waliniambia kuna nafasi ya darasa la kwanza Kieni ambayo walimu wengine wameikataa kwa sababu ya vumbi, na wakaniuliza kama naijua shule hiyo. Nikasema nimewahi kuikagua.

Dada yangu ananipikia. Koti la Krismasi sasa lingenibana. Jogoo alikuwa laini, na Wangechi aliniongezea mchuzi, nikaelewa kwamba ya nyuma yameisha. Lile suala la mlima siliongelei tena. Uko mbele ya dirisha langu, na mgongo wala uso siuoni, ni mlima tu.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Wiki ya kwanza nilipopita barabarani watu waliokuwa wakinisalimu kwa Bwana walinisalimu kwa jina. Nilikuwa nimekingoja cheo kile kwa miaka mingi, na nilikuwa nacho kwa majuma tu.

Darasani nilisimama mbele ya ubao, kama vitabu vinavyosema. Ulisema kweli, vinaonekana vichwa tu. Vijana wako wakubwa walinivumilia kwa adabu, mpaka mmoja akaniuliza kama ninaumwa miguu na siwezi kuikunja. Jumatatu iliyofuata nikaketi. Kuketi si kazi, kazi ni kuinuka, na huwa wananivuta wawili huku na wawili huku. Somo nawapa wakubwa asubuhi kabla ya kengele. Maharagwe yameibwa tena. Ya ukutani yametoa maua.

Juzi tulipata watoto wapya kutoka Mweiga. Mmoja wao akawa ananiangalia, mzee mwenye mvi amekaa sakafuni na maharagwe mkononi, akaogopa kuingia. Kabura, ambaye nimemkalisha mbele kama ulivyoagiza, akageuka akamtuliza.

"Ingia tu," akamwambia. "Huyu ni mtoto ya Mwarimu Waithira. Mama yake amemtuma."

Sikumsahihisha.

Mwanao,
Wamae